Msimbo ni wa wote, jina je?

Tarehe 17 Agosti 2005, watu waliokuwa wakiiandika Mambo, programu ya kuendeshea tovuti, walitangaza kwamba wanaondoka. Mambo ilikuwa programu huria. Yeyote aliruhusiwa kuichukua bure, kuusoma msimbo wake, yaani yale maandishi ya ndani yanayoiendesha, kuubadili apendavyo na kuugawa upya. Lakini jina lilikuwa mali ya kampuni moja ya Australia iitwayo Miro, na kampuni hiyo ilikuwa imeunda taasisi ya kuusimamia mradi kwa namna ambayo waandishi wenyewe waliona imewaweka kando. Msimbo waliondoka nao, kwa kuwa leseni iliwaruhusu. Jina wakaliacha, kwa kuwa halikuwa lao.

Kilichofuata ni somo ambalo ningependa kila kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayeandika programu huria alisome kwa makini. Siku moja tu baada ya kuondoka, kiongozi wao, Andrew Eddie, aliwaomba watumiaji wapendekeze jina jipya. Tarehe 1 Septemba jina likatangazwa: Joomla. Ni neno letu jumla, limeandikwa hivyo ili msomaji wa Kiingereza alitamke karibu na tunavyolitamka sisi. Mwishoni mwa mwezi huohuo watumiaji wakaleta michoro ya nembo na kuipigia kura. Tarehe 2 Oktoba ukatoka mwongozo kamili wa chapa, unaoeleza nembo itumikeje. Mradi ulikuwa haujatimiza hata miezi 2. Jina lenyewe likawekwa mikononi mwa shirika lisilo la faida, Open Source Matters, ili asitokee tena mwenye hisa wa kuwanyang'anya.

Angalia walivyogawana kazi hiyo. Mapendekezo ya jina yaliombwa kwa wote, lakini kundi dogo la viongozi lilijiwekea haki ya kuamua, na jina lililoshinda halikuwamo hata katika orodha ya yaliyopendekezwa. Nembo ndiyo iliyoachiwa kura. Naona walipanga vizuri. Jina linahitaji watu wachache watakaokaa na kuuliza maswali ya kuchosha: je, limeshasajiliwa na mwingine? Linatamkika? Litatukanisha mtu katika lugha fulani? Nembo inahitaji wengi, kwa sababu aliyeipigia kura ataibandika kwenye kompyuta yake bila kuombwa.

Undugu wa Joomla na lugha yetu haukuishia hapo. Toleo la 4, lililotoka Agosti 2021, lilipewa jina la Furaha. Yaliyofuata yakaitwa Kuamini, Uaminifu, Bora. Mswahili akisikia hivyo atafurahi, na ana haki. Ila tungejiuliza pia: kama wenzetu wa mbali wameona thamani ya kuketi na kuchagua jina kwa uangalifu namna hii, mbona miradi yetu wenyewe inazaliwa na kufa bila jina ambalo mtu wa kawaida anaweza kulikumbuka?

Waandishi wengi wa programu huria huidharau kazi hii. Kwao, jina, nembo na kujitangaza ni mambo ya wafanyabiashara. Mhandisi kazi yake ni msimbo, na msimbo ukiwa mzuri watu watakuja. Tumelelewa na methali inayowaunga mkono: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika fani hii methali hiyo inapotosha. Msimbo huria unaweza kunakiliwa na yeyote usiku mmoja, wote, bila kosa lolote, na kesho yake zikawapo programu mbili zinazofanana kila herufi. Mtumiaji hana namna ya kujua ipi inaandikwa na watu walewale aliowaamini jana. Kinachomwelekeza ni jina. Ndiyo maana nasema kwamba katika mradi huria jina ndilo mali pekee ambayo jumuiya inaweza kuipoteza. Vingine vyote vimekwisha kutolewa bure.

Linux wenyewe waliwahi kukaribia kulipoteza. Mwaka 1994 Mmarekani mmoja ambaye hakuwa na mkono wowote katika kuiandika Linux alipeleka ombi la kulisajili jina hilo kama alama yake ya biashara, na akafanikiwa. Baadaye akaanza kudai malipo kwa watu waliokuwa wakiitumia. Ilibidi wanasheria waingie, na mwaka 1997 mambo yakamalizika kwa jina kukabidhiwa Linus Torvalds. Maelfu ya saa za kujitolea za watu wa nchi kadhaa zilikuwa zimejenga heshima ya jina lile, na mtu mmoja mwenye fomu alitaka kuwatoza kodi.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha OpenOffice. Kampuni ya Sun ilifungua msimbo wake mwaka 2000, na kwa miaka 10 wachangiaji kutoka kila pembe ya dunia wakaijenga iwe mbadala halisi wa programu za ofisi za kulipia. Mwaka 2010 Oracle ikainunua Sun, pamoja na jina. Wachangiaji wakaingiwa na hofu, na tarehe 28 Septemba mwaka huo wakaunda taasisi yao, The Document Foundation, wakatoa LibreOffice. Mwanzoni jina hilo lilikuwa la muda tu. Waliiomba Oracle iwape OpenOffice, jina walilolihangaikia muongo mzima. Oracle haikuwapa. Mwaka 2011 ililipeleka kwa taasisi ya Apache.

Tangu hapo kazi kubwa imefanyika LibreOffice: matoleo mapya kila mwaka, wachangiaji wengi, marekebisho ya usalama ya haraka. Upande wa OpenOffice, toleo la 4.1 lilitoka 2014, na yaliyofuata yamekuwa viraka juu yake. Hata hivyo watu wanaendelea kuipakua OpenOffice kwa sababu ndilo jina walilolisikia kwa mwalimu wao, kwa shemeji yao, kwa fundi wa mtaani. Oktoba 2020, OpenOffice ilipotimiza miaka 20, watu wa LibreOffice waliandika barua ya wazi wakiwasihi Apache wawaambie watumiaji kwamba kazi hai imehamia kwao. Miaka 10 baada ya kuondoka walikuwa bado wanaomba watambulike! Msimbo ulikuwa wao, watu walikuwa wao, ubora ulikuwa wao. Jina halikuwa lao, na hilo limewagharimu watumiaji wasiohesabika.

Basi nani anautangaza mradi usio na mwenyewe, usio na bajeti, usio na idara ya masoko? Jibu zuri kuliko yote lilitolewa na Firefox, nao walianza vibaya. Kivinjari hicho kilitoka 2002 kikiitwa Phoenix, wakalazimika kuacha kwa sababu kampuni nyingine ilikuwa na alama hiyo. Mwaka 2003 wakakiita Firebird, na mradi mwingine huria wa hifadhidata uliokuwa na jina hilohilo ukalalamika, kwa haki. Februari 2004 ndipo wakafika Firefox, safari hii wakiwa wamefanya uchunguzi kwanza. Kisha wakafanya jambo ambalo kampuni isingeweza kulinunua. Walifungua kampeni iliyowageuza watumiaji kuwa wapiga debe, na ndani ya siku chache watu wapatao 10,000 wakachanga fedha za kulipia tangazo la kurasa mbili katika gazeti la New York Times. Lilitoka tarehe 16 Desemba 2004, na majina ya waliochanga yakapangwa humo kwa herufi ndogondogo, yamejaza ukurasa.

Siri yake iko katika yale majina. Tangazo la kawaida humwambia msomaji kwamba bidhaa ni nzuri. Lile lilimwonyesha kwamba watu elfu kumi wasiolipwa wametoa fedha zao mfukoni kulisema hilo. Kila mmoja wao aliweza kuzikata kurasa zile na kwenda kuwaonyesha jirani na wafanyakazi wenzake. Oktoba 2005 Firefox ilikuwa imeshapakuliwa mara milioni 100. Juni 2008 ikaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kupakuliwa zaidi ya mara milioni 8 katika saa 24, na hilo pia lilikuwa tukio lililosukumwa na watumiaji, wakiitana na kukumbushana.

Ubuntu, mfumo huria wa kompyuta, ilipita njia nyingine, na hii sisi wa huku tuliiona kwa macho. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alipoianzisha mwaka 2004 alijua kwamba intaneti ya sehemu kubwa ya dunia haikuweza kupakua mfumo mzima wa kompyuta. Kampuni yake ikawa inatuma CD kwa posta, bure, hadi mlangoni kwa yeyote aliyeomba, mpaka huduma hiyo iliposimamishwa 2011. Mwanafunzi alipokea bahasha yenye CD kadhaa, moja yake na nyingine za kugawa. Zile za kugawa ndizo zilizokuwa tangazo. Zilimfanya mpokeaji kuwa wakala kabla hajajua kama anaipenda programu yenyewe. Mtu atasema nyuma yake kulikuwa na tajiri, na ni kweli. Lakini wazo halikuwa la kitajiri: mpe mtu kitu cha kumpa mwenzake. Leo kingeweza kuwa faili dogo la kutumiwa kwa WhatsApp, au kadi ya kumbukumbu inayozunguka darasani.

Kujitangaza peke yake hakutoshi, na hapa inabidi nirudi kwa Joomla maana sifa zote nilizoipa hazikuizuia kuanguka. Kwa miaka kadhaa ilishindana bega kwa bega na WordPress, programu nyingine huria ya kuendeshea tovuti. Toleo la 1.5 lilitoka Januari 2008, na mamia ya maelfu ya tovuti zikajengwa juu yake. Kisha likaja 1.6 mwaka 2011, na kuhama kutoka lile la zamani kukawa kazi ya kujenga upya. Mwaka uliofuata likaja 2.5, na kabla mwaka huo haujaisha likaja 3.0. Mwenye duka aliyemlipa fundi amtengenezee tovuti akaambiwa alipe tena, na bado hata zile namba hakuzielewa. WordPress, kwa upande wake, ilijinadi kwa ahadi moja tu, kwamba utaisimika kwa dakika 5, na ikahakikisha kwamba tovuti ya jana haivunjiki kesho. Leo zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani zinaendeshwa kwa WordPress, na Joomla imebaki na sehemu ndogo. Namba za matoleo, maelezo ya kuhama, lugha ya ukurasa wa kwanza: haya wahandisi huyaona kuwa mambo ya ndani, kumbe kwa mtumiaji ndiyo tangazo lenyewe.

Firefox nayo ilifikia karibu theluthi ya watumiaji wa vivinjari duniani mwishoni mwa 2009, na sasa iko chini ya asilimia 5. Chrome ilikuja na kasi, pamoja na fedha za Google.

Linabaki swali gumu zaidi la nani ashike jina na alishike kwa ukali gani. Mwaka 2006 Mozilla, wenye Firefox, iliwaambia watu wa Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, kwamba hawawezi kusambaza kivinjari kwa jina la Firefox huku wakiacha nembo rasmi na kuongeza marekebisho yao bila kibali. Debian, ambao hawakukubali nembo yenye masharti ndani ya mfumo wao huria, wakabadili jina na kukiita Iceweasel. Ilichukua hadi 2016 kupatana. Mozilla walikuwa na hoja: jina likiruhusiwa kuwekwa juu ya chochote, mtumiaji anabaki bila kinga, na matapeli wanaouza vivinjari vyenye virusi hupenda sana jina linalojulikana. Lakini kuwatendea Debian, marafiki wa miaka mingi, kama wanavyotendewa matapeli, kulifuta jina la Firefox kwa miaka 10 katika kompyuta za watu waliokuwa wapenzi wake wa kweli. Sheria ya alama za biashara inahitaji mkono unaojua kutofautisha mwizi na ndugu.

Na taasisi peke yake haitoshi kuwa kinga. Jina la WordPress lilikabidhiwa taasisi isiyo ya faida mwaka 2010, na dunia ikapiga makofi. Lakini haki ya kulitumia kibiashara ilibaki kwa Automattic, kampuni ya Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi, ambaye pia yumo katika taasisi hiyo. Septemba 2024 Mullenweg aliishambulia hadharani WP Engine, kampuni inayohifadhi tovuti za WordPress, akaidai malipo kwa kulitumia jina, na akaizuia isiifikie hazina ya pamoja ya WordPress. Kesi ikafunguliwa Oktoba, na Desemba mahakama ya California ikaamuru kizuizi kiondolewe kwa wakati huo. Uwe upande wowote, ukweli ni kwamba wachangiaji wa miaka 20 waliamka wakagundua kuwa jina walilolipigia debe duniani kote linaamuliwa na watu wachache mno. Taasisi inayoshika jina lazima iwe na watu wanaoweza kumwambia mwanzilishi hapana, na akasikia.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Istilahi zilichambuliwa na wanakiswahili pamoja na wahandisi. Haukupita muda mrefu Microsoft nayo ikatoa Kiswahili chake. Ingia leo katika ofisi ya kata au sekondari yoyote uulize nani amewahi kuiona Jambo OpenOffice. Ukipata mmoja una bahati. Tulikuwa na bidhaa, tulikuwa na jina tamu, tulikuwa mbele. Hapakuwa na jeshi la watu wa kuibeba kutoka shule hadi shule.

Kinyume chake ni Ushahidi. Ilizaliwa Kenya Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh na wenzake wakitaka wananchi waweze kuripoti wanachokiona kwa simu. Jina lilieleza kazi yote kwa neno moja. Miaka 2 baadaye, tetemeko lilipoiangusha Port-au-Prince huko Haiti, watu wasiojua hata salamu ya Kiswahili walikuwa wakisema Ushahidi wakiomba msaada upelekwe. Ramani Huria ya Dar es Salaam, ambayo kuanzia 2015 iliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, nayo ina jina ambalo mjumbe wa shina akiambiwa mara moja hahitaji maelezo. Hata DHIS2, programu huria ya takwimu za afya yenye jina baya kuliko yote katika makala hii, inajulikana kwa kila mtu wa takwimu katika hospitali zetu za wilaya kwa sababu ilijengwa juu ya mafunzo ya uso kwa uso na vikundi vya wataalamu wa nchi husika, kikiwamo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mafunzo yaliziba pengo la jina.

Miradi yetu mingi haifuati mfano wowote kati ya hii. Hupewa kifupisho cha Kiingereza kinachompendeza mfadhili. Siku ya uzinduzi bango lina nembo 6 za wafadhili juu, na jina la mradi limebanwa chini. Waliouandika msimbo hawatajwi. Fedha ikiisha, jina linaisha, kwa sababu hakuna mwananchi aliyewahi kulihesabu kuwa lake. Msimbo unabaki mahali fulani kwenye intaneti, huria kabisa, na hakuna anayeutafuta maana hakuna anayejua auite nini.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika programu huria katika eneo hili, nawaomba mfanye kazi hii kabla ya kuandika kipengele kingine kimoja. Chagueni jina ambalo mama anayeuza katika duka la dawa Mbeya anaweza kulitamka na kulikumbuka, na mhakikishe hakuna mwingine mwenye nalo. Lisajilini: Tanzania Bara ni BRELA, Kenya ni KIPI, Uganda ni URSB. Liandikeni kwa jina la chama au shirika lenu, kamwe lisiwe la mtu mmoja wala la mfadhili, na katika katiba yenu muweke wazi nani anaweza kulitumia na kwa masharti gani. Ukurasa wa kwanza wa maelezo uwe kwa Kiswahili fasaha. Tajeni wachangiaji wote kwa majina, hata aliyesahihisha nukta moja. Na mpeni kila mtumiaji kitu cha kumpelekea mwenzake. Fomu za usajili zinapatikana tayari.